Mbio za Baiskeli za Mashambani Zatufaa Karatu

Bwana Mhariri,

Nakuomba unipatie nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona limesahauliwa katika michezo ya shule yetu. Jambo lenyewe ni baiskeli. Tuna uwanja wa mpira wa miguu, tuna viwanja vya netiboli na mpira wa wavu, na kila mwaka twachagua wakimbiaji wa kwenda UMISSETA. Lakini baiskeli, ambayo karibu kila nyumba ya wilaya hii yaijua, hatuihesabu kuwa ni mchezo. Twaiona kuwa ni chombo cha kubebea maziwa na gunia la mahindi, basi. Mimi nasema ni mchezo, tena ni mchezo unaotufaa sana sisi watu wa Karatu, mradi tuucheze mahali panapotufaa: si juu ya lami, bali mashambani.

Huenda wasomaji wengine watauliza, "Mbio za baiskeli za mashambani ndizo mbio gani? Nani amepata kuziona?" Kwa hiyo yanipasa nieleze kwanza.

Huko Ulaya uko mchezo uitwao saiklokrosi. Ulianza nchini Ufaransa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Husimuliwa kwamba askari mmoja Mfaransa, Daniel Gousseau, alikuwa akipenda kupita msituni kwa baiskeli akifuatana na rafiki zake waliopanda farasi, naye ndiye aliyeandaa mashindano ya kwanza ya taifa ya mchezo huo mwaka 1902. Waendesha baiskeli wengine waliupenda kwa sababu wakati wa baridi hawakutaka kukaa bure wakingoja jua lirudi. Wakaingia mashambani na kwenye misitu. Mwaka 1910 Octave Lapize alishinda mbio kubwa za Tour de France, na mwenyewe alisema kwamba mazoezi hayo ya wakati wa baridi ndiyo yaliyomsaidia. Tangu hapo watu wengi zaidi wakaujali mchezo huo. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, na mshindi alikuwa Mfaransa Jean Robic. Mwaka 2025 Mholanzi Mathieu van der Poel alipata ubingwa wa dunia kwa mara ya saba.

Kanuni zake si ngumu. Hutengenezwa njia ya mzunguko yenye urefu wa kilomita 2 na nusu hadi 3 na nusu, ipitayo kwenye majani, mchanga, matope na vilima. Njiani huwekwa mbao za kuruka, zisizozidi sentimita 40 kwenda juu, na mara nyingine kuna ngazi au kilima kikali ambacho mtu hawezi kukipanda akiwa juu ya baiskeli. Hapo mwendeshaji hushuka upesi, huitia baiskeli begani, hukimbia nayo, kisha huipanda tena bila kupoteza wakati. Mbio za wanaume wakubwa huchukua muda wa saa moja hivi. Anayeshinda si yule mwenye nguvu za kukanyaga pedeli peke yake, bali ni yule ajuaye kukanyaga, kushuka, kubeba, kukimbia na kupanda tena.

Sasa, ndugu wasomaji, tazameni wilaya yetu. Mji wa Karatu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea Ngorongoro, nchi yazidi kupanda hata ukingo wa kreta, ambako ni zaidi ya mita 2,200, na ukungu washuka kutoka msitu ule mpaka kwenye mashamba yetu. Udongo wetu ni mwekundu: wakati wa kiangazi ni vumbi, na mvua ikinyesha ni matope yanayonata kama gundi. Mashamba yetu ya mahindi, ngano na maharagwe yamekatwa na makorongo, na kati ya shamba na shamba kuna njia za ng'ombe. Wafaransa na Wabelgiji hutumia siku nzima kujenga vikwazo vya mbao na ngazi. Sisi tunavyo, tena tunavipita kila siku tukienda kisimani, mnadani na kanisani, na hatujui kwamba ni kiwanja cha mchezo.

Tazameni pia watu wetu. Filbert Bayi alizaliwa hapa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch katika nchi ya New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akavunja rekodi ya dunia. John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu, ndiye aliyemaliza mbio za maratoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti lake limefungwa bendeji, washindi wakiwa wameshapewa medali zao. Mambo hayo twayajua wote, na kila mwalimu wa michezo hutukumbusha. Lakini mimi nauliza swali moja: kama miguu yetu ni ya kukimbia, na mikono yetu imezoea baiskeli tangu utoto, kwa nini hatuuchezi mchezo unaotaka vyote viwili kwa pamoja? Katika mbio za lami mkimbiaji hodari hana faida yoyote akishapanda baiskeli. Katika mbio za mashambani, kila mahali pa kushuka na kukimbia ni faida yake.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Katika likizo ya Desemba nilikaa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, nikimsaidia kaka yangu mkubwa katika mashindano madogo ambayo vijana wa kijijini kwetu waliyaandaa wenyewe. Kaka yangu si mchezaji wa kulipwa. Kila alfajiri yeye hupeleka maziwa mjini kwa baiskeli yake ya Phoenix, madumu mawili nyuma kwenye keria, na jioni ndipo hupata nafasi ya kufanya mazoezi. Washindani siku ile ya kwanza walikuwa 11. Kila mmoja alitoa shilingi 2,000, na fedha hizo zilinunua tairi moja na tyubu mbili ziwe zawadi za washindi. Njia ilianzia kwenye kiwanja cha mpira cha kijiji, ikafuata njia ya ng'ombe, ikashuka korongoni, ikapanda ng'ambo ya pili, ikazunguka uzio wa mikonge na kurudi kiwanjani. Niliipima kwa hatua nikapata karibu kilomita 2. Walitakiwa kuizunguka mara tano.

Kabla ya mbio niliazima mizani ya kupimia mahindi nikapima baiskeli ya kaka: kilo 21. Baiskeli za mchezo huu huko Ulaya ni kilo 8 hivi. Kisha nikapima tairi yake kwa rula: milimita 38. Kanuni za mashindano ya dunia zakataza tairi kuzidi milimita 33, kwa hiyo kaka yangu angekataliwa mlangoni kwa sababu ya unene wa tairi zake! Nilipomwambia hayo alicheka akasema, "Mdogo wangu, waambie waje na hizo nyembamba zao tuonane korongoni."

Jumamosi kulikuwa na jua. Kijana mmoja alikuwa na baiskeli ya gia, ya mtumba, iliyonunuliwa Arusha. Kwenye kiwanja na kwenye njia ya ng'ombe hakuna aliyemkaribia. Lakini kila alipofika korongoni aliisukuma baiskeli yake kwa usukani, ikimvuta huku na huku kama mbuzi asiyetaka kwenda, na wenzake walioweka fremu begani wakampita wakikimbia. Akitoka korongoni huwapata tena. Ikawa hivyo mzunguko baada ya mzunguko. Mwishowe yeye alikuwa wa pili, na kaka yangu wa tatu. Mshindi alikuwa kijana mchunga ng'ombe ambaye baiskeli yake haikuwa hata na breki ya nyuma, ila alilipanda lile korongo kama ngazi ya nyumbani kwao.

Usiku ule mvua kubwa ilinyesha. Jumapili, baada ya ibada, tulikuta njia yote imegeuka kuwa matope. Kaka alikuwa amefungua madigadi ya baiskeli yake mapema asubuhi. Nilimwuliza, "Kaka, mbona unafungua madigadi na leo ndiyo siku ya matope?" Akanijibu, "Ndiyo sababu. Udongo huu ukiingia kati ya bati na tairi, gurudumu halizunguki tena." Kweli, kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha, wale walioacha madigadi walikuwa wamesimama wakichokoa udongo kwa vijiti, na ile baiskeli ya gia ilikuwa imejaa matope kwenye mnyororo hata ikakataa kwenda. Siku hiyo kaka alipata ushindi, naye akapewa tyubu zake. Mimi nilijifunza siku hiyo kwamba mchezo huu wataka akili pia, na kwamba mtu ajuaye udongo wa kwao ana silaha ambayo fedha haiinunui.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala hii si ushindi wa kaka. Jumapili ile walishindana watu 12, kwa sababu binti mmoja wa jirani zetu aliomba kuingia. Ni mwanafunzi wa Kidato cha Pili katika shule ya kutwa. Vijana walicheka, wengine wakasema ataanguka korongoni awaharibie siku. Mzee mmoja akawaambia, "Mwacheni mtoto. Akishindwa atashuka." Akapanda baiskeli ya baba yake, ambayo ni ndefu kwake hata hawezi kukalia kiti, akaiendesha amesimama juu ya pedeli njia nzima. Pale pa kubeba alibeba. Huyu ni mtu aliyezoea kupanda korongo na ndoo ya maji kichwani. Kilo 20 begani hazikumshangaza. Alimaliza wa sita. Wanaume sita walikuwa nyuma yake, na hakuna aliyecheka tena.

Yule mzee alipomwona amemaliza, alimgeukia baba wa binti akasema, "Ndugu yangu, mtoto huyu huenda shule kwa miguu saa nzima na nusu, na kumbe baiskeli anaiweza namna hii. Hiyo baiskeli yako hufanya kazi gani asubuhi?" Baba hakujibu. Baiskeli asubuhi hutumiwa na kaka wa binti kwendea sokoni kupiga soga. Watu wote walilijua hilo, na watu wote walinyamaza. Shule zilipofunguliwa mwezi wa Januari, binti yule alikuwa bado akienda kwa miguu.

Wazazi mtakaosoma gazeti hili, nawaomba mlifikirie jambo hilo. Twasema baiskeli ni ya wanaume kwa sababu hatujapata kumwona msichana akishindana nayo mbele ya watu. Wala si sisi peke yetu tuliochelewa. Nimesema kwamba wanaume walianza kugombea ubingwa wa dunia wa mbio hizi mwaka 1950. Wanawake hawakupewa ubingwa wao mpaka mwaka 2000, miaka 50 baadaye. Mshindi wa kwanza alikuwa Hanka Kupfernagel wa Ujerumani. Wazungu nao walidhani matope si mahali pa mwanamke. Sisi tunaanza mchezo leo, kwa hiyo hatuna haja ya kungoja miaka 50. Msichana aliyeonekana na kijiji kizima akiimudu baiskeli, ni vigumu kesho kumwambia kuwa baiskeli ya nyumbani haimhusu.

Sababu yangu nyingine ni usalama. Barabara ya kutoka Makuyuni kupita Mto wa Mbu na Karatu mpaka lango la Ngorongoro iliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000. Imetuletea faida nyingi: watalii, hoteli, biashara, hata hospitali imekuwa karibu. Lakini kijana anayetaka kufanya mazoezi ya baiskeli hana mahali pengine pazuri ila barabara hiyo, na humo yumo pamoja na magari ya watalii yanayowahi lango, malori na mabasi. Kwenye miteremko ya Rhotia magari huja kwa kasi. Kijana mmoja wa kijiji chetu aligongwa alfajiri akiwa mazoezini, na mpaka leo atembea kwa fimbo. Alikuwa hodari kuliko kaka yangu. Kila ninapomwona huwaza kwamba hakukosa mapenzi ya mchezo wala nguvu, alikosa kiwanja tu. Katika mbio za mashambani mtu huanguka, ndiyo, lakini huanguka juu ya majani au matope, na gari halimfuati nyuma.

Najua yapo mambo ya kupinga, nami sitaki kuyakwepa.

Wa kwanza atasema, "Baiskeli ni kazi ya nyumba. Ikivunjika mchezoni, nani atalipa?" Hoja hii ni nzito kuliko zote. Jumatatu ile, baada ya ushindi wake, kaka yangu aligundua kuwa spoku mbili zimekatika na rimu imepinda. Fundi alimtoza shilingi 3,000, na maziwa yakafika mjini yamechelewa, mteja mmoja akawa ameshanunua kwingine. Tyubu mbili za zawadi hazikutosha kumfariji. Kwa hiyo mimi sipendekezi mwanafunzi yeyote alete baiskeli ya baba yake kuja kuivunja shuleni. Napendekeza mbio za kupokezana, kwa baiskeli za shule.

Shule yetu ina mabweni manne, mawili ya wavulana na mawili ya wasichana. Kila bweni na liwe na baiskeli moja tu. Watu sita wa bweni washindane kwa kupokezana: wa kwanza azunguke mara moja, ampe wa pili baiskeli kama vile wakimbiaji wapeanavyo kijiti, na kuendelea. Kama mzunguko ni kilomita 2 na kila mmoja atumia dakika 10 hivi, mbio nzima zitakwisha kwa saa moja. Basi kwa baiskeli nne na saa moja, wanafunzi 24 wamecheza. Mpira wa miguu wataka dakika 90 kuchezesha watu 22.

Na hizo baiskeli nne zitatoka wapi? Katika nyumba nyingi za wilaya hii kuna fremu kuukuu imetundikwa ukutani au imelala nyuma ya ghala, haina magurudumu. Fremu ya chuma haifi upesi. Tukiomba wazazi watupe fremu nne, kazi itakayobaki ni rimu, tairi, mnyororo na breki, na sehemu ya mauzo ya shamba la shule yaweza kusaidia. Kuziunga tutajifunza wenyewe. Humu mabwenini wako vijana wanaojua kuziba pancha na kunyosha gurudumu kuliko wanavyojua kanuni za fizikia; na huenda wakizijua gia na nyenzo kwa mikono, kanuni nazo zitawaingia. Tena baiskeli hizo hazitakaa bure siku nyingine za juma. Mara ngapi mlezi wa bweni amehitaji kutuma mtu zahanati akakosa chombo?

Wa pili atasema, "Mtihani je?" Mimi ni wa Kidato cha Nne, mtihani wangu ni Novemba, na sipuuzi jambo hilo. Lakini siombi wakati mpya. Naomba saa moja ya Jumamosi katika wakati wa michezo uliopo. Mwanafunzi ambaye hakuchaguliwa katika timu ya mpira hukaa saa hizo pembeni akitazama wenzake, au hulala. Huyo ndiye ninayemtafutia mchezo.

Wa tatu atasema kwamba baiskeli zitaharibu ardhi, na makorongo yetu yataongezeka. Huyu nampa heshima, kwani amesema kweli. Magurudumu yakipita mahali pamoja kila siku, majani hufa, na mvua hufuata ufa huo huo. Kwa hiyo katika kiwanja chetu cha shule tusishuke korongoni kama walivyofanya vijana wa kijijini. Tuweke mbao mbili za kuruka na ngazi ya magogo mahali pagumu, tupite kandokando ya uwanja na kwenye majani yasiyo na mteremko mkali, na kila muhula tuhamishe njia. Pale palipoumia tupande majani. Wala tusidhani kwamba kwa kuwa jina la Ngorongoro linavutia, basi twende tukashindane huko juu. Eneo lile limehifadhiwa tangu mwaka 1959, lina sheria zake, na wenyeji wake ni nyati, simba na tembo. Tembo wenyewe hutoka msituni usiku wakaingia mashambani mwetu. Hakuna haja ya kuwafuata kwao. Ukingo wa kreta na tuutazame kwa mbali tukiwa mzungukoni, nayo yatosha.

Wa nne atasema, "Mchezo huu ni wa Wazungu, sisi hatutafika popote." Huyu namkumbusha mambo mawili. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Alishinda hatua tatu, akarudi nyumbani na fulana ya kijani ya mashindano yale. Na mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Kigali ni mji wa vilima, kimo chake karibu sawa na cha Karatu. Mabingwa wa dunia walipanda vilima vile wakihema, na wengi hawakumaliza. Kama jirani zetu wameweza kuwaita walimwengu wote kwenye vilima vyao, sisi twashindwaje kuita shule mbili za jirani kwenye uwanja wetu?

Lakini hata kama hatutafika popote, bado nasema mchezo huu watufaa. Kwa miaka mingi Karatu imekuwa na tamasha lake la michezo na utamaduni mwezi wa Desemba, na baiskeli zimo katika mashindano yake pamoja na mbio za miguu, mpira na ngoma. Maana yake wazee wetu walishaona kwamba baiskeli ni heshima. Kilichobaki ni shule kuwaandaa vijana wa kwenda kushindana huko, badala ya kuwaacha wajifunze barabarani kati ya malori.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, maombi yangu kwa Mkuu wa Shule na Mwalimu wa Michezo ni haya. Kwanza, turuhusiwe kukusanya fremu nne kutoka kwa wazazi wanaopenda kutoa. Pili, tupewe kona moja ya karakana ya shule tuziunge. Tatu, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi iwe siku ya mbio za kupokezana za mabweni, wavulana na wasichana, kila mmoja kwa kundi lake, na wazazi wa karibu waalikwe kutazama. Nne, tukishaweza, tuwaalike wenzetu wa shule za kutwa, hasa wasichana, maana wao ndio waijuao njia ndefu ya kwenda shule.

Mimi sitafaidi. Mambo haya yakikubaliwa leo, baiskeli ya kwanza itakapokuwa tayari nitakuwa katika chumba cha mtihani, na baada ya hapo nitakuwa nyumbani nikisaidia kupeleka maziwa. Lakini ninaye mdogo wangu wa kike ambaye atajiunga na Kidato cha Kwanza mwakani, naye miguu yake ni mirefu kuliko yangu. Napenda akifika hapa akute kazi imekwisha kuanzwa.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na ayalete katika toleo lijalo tuyasome.

Wenu katika michezo na masomo,

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne